SOMO KWA MAKATIBU: NUKTA INAYOELEA NA HESABU ZA MALIPO YA PAMBA



Tuchukue chama cha msingi kimoja katika kata ya Tinde, ambacho hatukitaji jina kwa kuwa ni cha kufikirika. Msimu umefungwa. Karani amejumlisha stakabadhi zote za malipo kwa mkono, akarudia, akapata jumla ile ile mara zote mbili. Stakabadhi hizo hizo zimeingizwa katika programu ya malipo, na kompyuta imetoa jumla iliyopungua kwa shilingi 187. Bodi inakaa. Mjumbe mmoja anasema karani hajui kujumlisha. Wa pili anasema mashine haikosei. Wa tatu hasemi neno, lakini kimya chake chaeleweka na kila mtu: fedha zimeliwa.

Shilingi 187 hazitoshi hata kununulia soda. Lakini katika nchi ya pamba tofauti ndogo ya hesabu haijapata kuwa jambo dogo. Vyama vyetu vilizaliwa kwenye mizani. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakulima wa Usukuma, waliochoka kupunjwa uzito na wanunuzi, walianza kuweka wapima wao wenyewe, na kutokana na juhudi hizo likaundwa mwaka 1955 Shirikisho la Vyama Vikuu vya Ushirika vya Victoria, chini ya uongozi wa Paul Bomani. Mwanachama aliyerithishwa historia hiyo ana haki ya kuuliza kila shilingi imekwenda wapi. Na katibu anayeulizwa hana budi kuwa na jibu.

Katika mfano wetu jibu laweza kuwa hili: karani yuko sahihi, hakuna aliyeiba, na mashine nayo si mbovu. Imefanya hesabu ya namna nyingine, iitwayo hesabu ya nukta inayoelea, na hesabu hiyo ina desturi zake. Somo hili laeleza desturi hizo. Lisomwe na kikundi, mkiwa na kalamu, karatasi na subira kidogo.

Mawe ya mizani ya kompyuta

Sisi huhesabu kwa kumi, kwa sababu ya vidole. Kompyuta huhesabu kwa mbili, kwa sababu ndani yake kila alama ni ama ipo ama haipo. Alama moja ya namna hiyo huitwa biti. Kwa namba nzima hakuna taabu yoyote: 435 yaandikika kwa mbili sawasawa na kwa kumi. Taabu iko katika sehemu.

Mfikirie muuza duka ambaye mawe yake ya mizani ni kilo, nusu, robo na thumuni, kisha nusu ya thumuni, na nusu ya hiyo, kila jiwe likiwa nusu ya lililotangulia. (Vijana hawaijui tena thumuni, lakini wazee wataikumbuka sumni ya senti hamsini.) Mteja akitaka robo tatu, kazi ni rahisi: nusu na robo. Sasa mteja anataka sehemu ya kumi ya kilo, yaani gramu 100. Robo ni gramu 250, nzito mno. Thumuni ni gramu 125, nayo yazidi. Nusu ya thumuni ni 62.5, linawekwa. Linalofuata ni 31.25, linawekwa pia, jumla 93.75. Linalofuata, 15.625, lazidisha, 7.8125 nalo lazidisha, 3.90625 linawekwa, 1.953125 linawekwa. Tumefika gramu 99.609375. Endeleeni wenyewe mtaona mtindo wake: mawe mawili huwekwa, mawili huachwa, mawili huwekwa, mawili huachwa, bila mwisho. Muuza duka huyo hawezi kupima gramu 100 kamili hata akiwa na mawe elfu.

Hivyo ndivyo kompyuta ilivyo. Sehemu ya kumi, ambayo kwetu ni 0.1 tu, kwake ni kama theluthi kwetu: 0.3333 isiyokoma. Hulazimika kukoma mahali fulani na kushika namba iliyo karibu. Ndiyo maana programu nyingi zikiambiwa kujumlisha 0.1 na 0.2 hutoa 0.30000000000000004, na zikijumlisha 0.1 mara kumi, moja moja, hupata 0.9999999999999999 badala ya 1.

Msidhani ni mchezo wa wataalamu. Tarehe 25 Februari 1991, huko Dhahran nchini Saudi Arabia, mtambo wa Patriot uliowekwa kuzuia makombora ulishindwa kulizuia kombora lililoua askari 28 wa Marekani. Saa ya mtambo ule ilihesabu wakati kwa sehemu za kumi za sekunde, na kila sehemu ya kumi ilikatwa kwenye biti 24. Kosa la kila hesabu lilikuwa dogo kupita kiasi, lakini mtambo ulikuwa umewashwa kwa muda wa saa 100 hivi, na makosa yaliyolimbikizana yakafikia sekunde 0.34. Kwa kombora, hiyo ni zaidi ya nusu kilometa.

Leja yenye vyumba saba

Kwa nini nukta huitwa inayoelea? Mpeni karani leja ambayo kila mstari una vyumba saba tu vya tarakimu, na pembeni chumba kidogo cha kuonyesha nukta iko wapi. Karani huyo anaweza kuandika 2.3575, anaweza kuandika 23,575, anaweza kuandika namba kubwa sana au ndogo sana, kwa sababu nukta yaweza kusogezwa kushoto na kulia ipendavyo. Lakini tarakimu ni saba. Akitakiwa kuandika 115,023,575, ataandika 1150236 na pembeni aseme: ongeza sufuri mbili. Shilingi 115,023,575 zimekuwa 115,023,600. Hakukosa, leja yake ndiyo fupi.

Kompyuta nyingi huwa na leja za namna mbili. Ya kwanza, ya usahihi mmoja, ina biti 24 za tarakimu, sawa na tarakimu zetu saba hivi. Ya pili, ya usahihi maradufu, ina biti 53, yaani tarakimu 15 hadi 16. Vipimo hivi si vya kubahatisha: viliwekwa katika kanuni ya kimataifa iitwayo IEEE 754, iliyopitishwa mwaka 1985 na kurekebishwa mwaka 2008 na 2019. Aliyeifanyia kazi kubwa kuliko wote ni Profesa William Kahan wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, aliyepewa tuzo ya Turing mwaka 1989. Kabla ya kanuni hiyo kila mtengeneza mashine alikuwa na leja yake, na programu iliyohamishwa kutoka mashine moja kwenda nyingine ilitoa majibu mengine.

Hapa kuna jambo linalotuhusu sisi kuliko wenzetu wa Ulaya, na vitabu vyao hawalitilii mkazo. Katika usahihi mmoja namba nzima zote huandikika kamili mpaka 16,777,216. Kupita hapo huruka mbili mbili. Kupita 33,554,432 huruka nne nne. Kuanzia 67,108,864 mpaka 134,217,728 huruka nane nane. Chama cha Uingereza kitafanya biashara miaka mingi kabla ya kufikisha pauni milioni 67. Chama chetu kikinunua kilo 100,000 za pamba kwa bei ya shilingi 1,150 kimekwisha kulipa shilingi 115,000,000 katika msimu mmoja. Shilingi yetu ni ndogo, namba zetu ni ndefu, na leja fupi hutuishia mapema.

Tazameni matokeo. Jumla iliyolipwa imefika 100,000,000. Anakuja mkulima mwenye kilo 41.7, malipo yake ni shilingi 47,955. Mashine ya usahihi mmoja itaandika jumla mpya kuwa 100,047,952, kwa sababu yaruka nane nane: shilingi tatu hazimo. Angekuja mwenye kilo 20.5, malipo 23,575, jumla ingekuwa 100,023,576: shilingi moja imeongezeka. Mkulima mwenyewe amepewa fedha zake kamili, na stakabadhi yake ni sahihi. Kinachokwenda kombo ni jumla, mara juu mara chini, na baada ya wakulima elfu mbili au tatu mtakuta tofauti kama ile ya shilingi 187. Ikiwa programu yenu inatumia leja hiyo fupi, aliyeitengeneza alikosea kuichagua, na hilo ndilo la kumwuliza kwanza. Katika lugha nyingi za programu leja fupi huitwa float na ndefu huitwa double. Muulizeni: jumla za fedha umeziweka katika ipi?

Leja ndefu huandika namba nzima zote bila kuruka mpaka 9,007,199,254,740,992, na hakuna chama cha pamba kitakachofika huko. Lakini hata hiyo ina mpaka, na mpaka huo unawagusa makatibu mahali wasipotazamia: katika orodha ya wanachama. Namba ya Kitambulisho cha Taifa ina tarakimu 20. Ukiiandika katika jedwali la Excel bila vistari, Excel huichukua kuwa kiasi cha kuhesabiwa, hushika tarakimu 15 za kwanza, na tano za mwisho huzigeuza sufuri. Wanachama wawili ambao namba zao zatofautiana mwishoni tu wataonekana mtu mmoja, na namba ya kweli haipatikani tena humo hata ukibadilisha mpangilio baadaye. Safu hiyo ifanywe ya maandishi kabla ya kuingiza namba ya kwanza. Kadhalika namba ndefu za akaunti za benki.

Kukata na kukaribisha

Kosa la nukta likikutana na kukata, hukua. Tuseme kuna makato ya shilingi 4.35 kwa kila kilo, na mtengeneza programu anataka kuyageuza senti kwa kuzidisha kwa 100. Mimi na wewe twapata 435. Mashine, kwa kuwa 4.35 yake si kamili, hupata 434.99999999999994. Ikiwa imeambiwa kukata kilicho baada ya nukta, hubaki 434. Senti moja imepotea katika kila kilo. Kwa kilo 100,000 ni shilingi 1,000. Ingeambiwa kukaribisha kwenye namba nzima iliyo karibu, ingetoa 435 na habari ikaisha hapo.

Soko la hisa la Vancouver, Kanada, lilijifunza hili kwa aibu. Mwaka 1982 lilianzisha kipimo cha bei za hisa kikianzia 1000. Kila hisa ilipouzwa kipimo kilikokotolewa upya, na tarakimu zilizozidi tatu baada ya nukta zilikatwa, hazikukaribishwa. Kufikia Novemba 1983 kipimo kilikuwa kimeshuka mpaka karibu 524, wakati soko lenyewe halikuwa limeanguka. Kilipokokotolewa upya kwa haki kilikuwa 1098.892.

Kukaribisha nako kwahitaji kanuni iliyoandikwa. Mkulima wa kilo 41.7 akikatwa shilingi 4.35 kwa kilo, makato yake ni senti 18,139 na nusu kamili. Nusu hiyo iende wapi? Shuleni tulifundishwa kuipandisha. Kanuni ya IEEE 754 kwa kawaida huipeleka kwenye namba shufwa iliyo karibu, mara juu mara chini, ili makosa yafutane. Zote mbili ni za haki. Isiyo ya haki ni kutumia moja kwenye stakabadhi na nyingine kwenye leja. Bodi ichague, muhtasari uandikwe, na mtengeneza programu apewe nakala.

Kuna pia udanganyifu usio na uhusiano na nukta inayoelea, nao ndio uletao ugomvi mwingi kuliko yote. Jedwali limepangwa kuonyesha shilingi nzima, lakini ndani limeshika senti. Mistari mitatu ya 1,150.40 itaonyeshwa kila mmoja 1,150. Mwanachama akijumlisha kwa macho apata 3,450, na jedwali chini limeandika 3,451. Dawa ni kukaribisha kiasi chenyewe kabla ya kukijumlisha, si kukificha tu.

Kompaila, yaani mkalimani

Mtengeneza programu haandiki kwa lugha ya mashine. Huandika kwa lugha inayosomeka na binadamu, na programu nyingine, iitwayo kompaila, huyafasiri maandishi yake kuwa amri za mashine. Kompaila ya kwanza iliyoenea sana ni ya FORTRAN, iliyotolewa na kampuni ya IBM mwaka 1957 na kikundi cha John Backus.

Mmekwisha kuona mkalimani mkutanoni: mzee anasema kwa Kisukuma maneno mengi, mkalimani anayapanga upya na kuyafupisha, na maana haipotei. Kompaila nayo hupanga upya ili mashine iende mbio. Kwa namba nzima hakuna madhara. Kwa nukta inayoelea mpangilio ni sehemu ya jibu. Jumlisheni 0.1 na 0.2 kwanza kisha 0.3: mashine hutoa 0.6000000000000001. Anzeni na 0.2 na 0.3 kisha 0.1: hutoa 0.6. Kwa hiyo kompaila yenye adabu haigusi mpangilio mpaka iruhusiwe. Ruhusa hiyo, katika kompaila ya GCC, huitwa -ffast-math, na mtengeneza programu za fedha hana sababu ya kuitoa.

Jambo la pili latokana na kipande cha Intel 8087 cha mwaka 1980 na ndugu zake. Ndani yake hesabu zilifanywa kwenye leja ya biti 80, ndefu kuliko ile ya maradufu, kisha zikafupishwa zilipohifadhiwa nje. Ni kompaila iliyoamua lini kiasi kibaki ndani na lini kitoke. Basi programu ile ile, ikifasiriwa kwa haraka au bila haraka, ilitoa majibu mawili, na aliyejaribu kuchapisha kiasi ili akichunguze aliweza kuona kosa limetoweka kwa sababu ya kukichapisha tu. Katika kompaila ya GCC lalamiko la jambo hili liliandikishwa mwaka 2000 kwa namba 323, na likawa mashuhuri kwa wingi wa watu waliorudi kulalamika lile lile. Kompyuta za sasa za biti 64 kwa kawaida hutumia njia nyingine ya kukokotoa na taabu hiyo imepungua sana. Lakini kompyuta kuukuu ya ofisini yenye programu ya zamani bado yaweza kuwa nayo. Chama kikihamisha programu kwenda mashine mpya na jumla ikabadilika kwenye tarakimu za mwisho, msiandike barua ya mashtaka kabla ya kuuliza habari za kompaila.

Nchi yetu imekwisha kuonja kuiamini mashine mno na kuikataa mno. Kompyuta ya kwanza ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965; mwaka 1974, baada ya hesabu za Serikali zilizotiwa katika mashine kuvurugika, uingizaji wa kompyuta nchini ukapigwa marufuku. Vyama havitaweza tena kuikataa, kwa kuwa taarifa zenyewe zapelekwa kwa kompyuta. Kinachotakiwa ni kuijua.

Mahali pa kujifunza

Maandishi mengi ya somo hili ni ya Kiingereza. Linalotajwa kuliko yote ni la David Goldberg la mwaka 1991, katika jarida la ACM Computing Surveys. Ni zuri, lakini ni refu na lina hisabati nzito. Kijana wa chama aliyesoma hesabu za kidato cha sita asianze nalo. Aanze na kitabu chembamba cha Michael Overton cha mwaka 2001, kinachoeleza kanuni ya IEEE hatua kwa hatua, kisha amrudie Goldberg. Kitabu cha Nicholas Higham cha mwaka 1996 kinafaa kwa anayetaka kujua makosa hukua vipi katika hesabu ndefu; humo atakuta njia aliyoitoa Kahan mwaka 1965, ambayo mweka hazina ataielewa mara moja: masalio ya kila kujumlisha yasitupwe, yaandikwe katika daftari la pembeni na kuingizwa katika malipo yanayofuata.

Kwa chama kisicho na kijana wa namna hiyo, njia ni fupi. Fedha zishikwe kwa senti nzima, na uzito kwa namba nzima pia: kilo 41.7 iandikwe 417, sehemu za kumi za kilo. 417 mara 1,150 ni 479,550. Gawanya kwa kumi, shilingi 47,955, na nukta haikuingia popote. Vyama vya wachimbaji wadogo wa Geita na Kahama vifanye hivyo hivyo kwa dhahabu, wakihesabu sehemu za mia za gramu, kwa kuwa kwao kosa la tarakimu moja lina bei kubwa. Hifadhi nyingi za taarifa zina aina iitwayo DECIMAL, inayohesabu kwa kumi kama sisi. Lugha ya COBOL, iliyobuniwa mwishoni mwa miaka ya 1950 kwa ajili ya biashara, ilifanya hivyo tangu mwanzo. Mtengeneza programu akisema hilo haliwezekani, mtafuteni mwingine.

Maswali ya kikundi

1. Kwa mawe yale ya nusu, robo na thumuni, pimeni sehemu ya tano ya kilo. Je, kuna mwisho?

2. Chukueni stakabadhi ishirini za msimu uliopita. Jumlisheni kwa mkono, kisha kwa jedwali la kompyuta linaloonyesha shilingi nzima. Zikitofautiana, tafuteni mstari wenye senti zilizofichwa.

3. Karani wa leja ya vyumba saba ana jumla ya 115,000,000. Wanaletwa wanachama watatu, kila mmoja shilingi 40, naye awaingiza mmoja mmoja. Ataandika nini mwishoni? Angewajumlisha watatu hao kwanza kando, ndipo awaingize, angeandika nini? Ni kiasi gani cha fedha za wanachama hakimo katika leja ya kwanza, na katika ya pili?